Kabla Mama Hajakuonyesha Mikono Yake

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi saa,
Jumanne, 11 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wanangu wote, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Bado mnalala kwenye lile godoro lililobonyea katikati? Mwambie wifi aligeuze, na kama limeshageuzwa basi mlitupe, mgongo hauna duka la vipuri. Sisi huku kiafya hatujambo. Shemeji yako anapanda ngazi zake na waya zake kila siku na kushuka salama, watoto wanarefuka na viatu vinawakataa, na Mama anakula, analala na kusali. Nimesema "kiafya" kwa makusudi. Utaona mbele.

Najua umeshtuka kupokea karatasi. Siku hizi barua ikigonga mlango mtu hudhani ni msiba. Tulia, hakuna aliyekufa. Amekuletea mwenzake wa kazini wa shemeji yako, aliyekuwa na safari ya huko kwenu, na nimemsisitiza akupe mkononi kabla ya Jumapili. Ukiipata baada ya Jumapili itakuwa kazi bure.

Simu ningeweza kupiga. Nimepiga, tena mara kadhaa, na kila ukipokea najikuta nakuuliza kama kwenu kunanyesha. Hukujiuliza kwa nini dada yako amekuwa mtabiri wa hali ya hewa? Ni aibu, kaka. Nina aibu ya kutamani ardhi ipasuke niingie. Jambo lenyewe linamhusu Mama, na linakugusa hata wewe, kwa hiyo isome ukiwa umekaa, na usiisome mbele ya watu.

Naomba nianze mbali kidogo, maana nikianzia mwisho utanichukia kabla hujanielewa.

Kuna kitu tumekuficha. Mikono ya Mama inatetemeka. Ilianza taratibu baada ya wewe kuondoka. Kikombe kikawa kinagongagonga kwenye kisahani, akaacha kutumia kisahani. Kisha akawa anajaza chai nusu. Siku aliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano, yeye aliyekuwa akitunga huku anatugombeza na macho yako kwetu, aliifunika cherehani yake kwa shuka akasema macho yamechoka. Macho gani? Mama yule anaona kifungo kilichodondoka chini ya kabati kutoka mlangoni. Tulimpeleka kwa daktari, akatuambia si ule ugonjwa mkubwa tuliouogopa. Ni mtetemeko wa uzeeni, dawa zinaupunguza lakini haziuondoi.

Alituapisha tusikwambie. Alisema uko mbali, utakuwa unaiwaza mikono yake badala ya kufanya kazi. Ndiyo sababu kila ukiomba simu ya video utaambiwa bando limekwisha, au kioo kimepasuka, au hajachana nywele. Tangu uondoke umekuwa ukisikia sauti yake tu. Na si wewe peke yako aliyekuficha. Hata kwa wageni alikaa na mikono chini ya mtandio, na wakimpa kitu alisema wakiweke tu mezani, atakichukua. Mtu aliyeshonea nusu ya mtaa huu sare za shule, anaona haya kupokea glasi ya maji.

Sasa nije kwangu. Unakijua kiherehere changu, jina alinipa Mama mwenyewe na nimelitendea haki maisha yangu yote. Mwaka huu kilihamia mtandaoni. Kuna mama mmoja anafundisha kutengeneza vitu vya nyumbani kwa takataka: chupa inakuwa taa, sanduku la matunda linakuwa rafu, soksi iliyopoteza mwenzake inakuwa mdoli. Meza yake nyeupe pee, mkasi wake haujui kukwama, na kila akimaliza anatabasamu kama mtu asiyeosha vyombo. Nilikuwa namtazama pale mapokezi kliniki, kati ya mgonjwa wa jino moja na mwingine, na jioni nafika nyumbani nimejaa mawazo kama kibaba.

Tulijaribu kila kitu, mimi na watoto. Tulisafisha sufuria kwa siki na magadi, povu likapanda mpaka likazima jiko. Tulikata chupa kwa uzi uliowashwa moto, ikatoka na meno ya msumeno. Tuligundisha rafu ukutani bila msumari hata mmoja, maana yule mama alisema misumari imepitwa na wakati. Shemeji yako, ambaye kutoboa kuta ndiyo kazi inayomlisha, akaitazama akasema, "Haya. Gundi haina mfupa, lakini mie nani." Rafu ilikaa siku mbili. Glasi zote za wageni zilikwenda nayo, na tangu hapo wageni wetu wanakunywa kwenye vikombe vya plastiki.

Binti yangu mkubwa, huyu tunayemwita Mwanasheria kwa sababu hakubali neno bila ushahidi, ndiye aliyekuwa akisoma maelekezo. Mdogo wake, Kibonge, kazi yake ilikuwa kuonja vitu visivyoonjwa. Mama alikaa pembeni kwenye kiti chake, mikono chini ya mtandio, anatucheka kimyakimya. Kaka, ilikuwa raha. Nakwambia hili ili ujue kwamba jambo hili halikuanza na ubaya.

Ikaja siku ya zulia la fulana. Unachukua fulana kuukuu, unazikata vipande virefu, unasuka, unashona mviringo. Tulikata na fulana ya shemeji yako ya timu yao ya kiwanda, ile waliyochukulia kikombe ujanani, nami naapa nilidhani ni ya kudekia. Tukasuka. Zulia likatoka limejikunja kama limeumwa na tumbo. Mama akashindwa kuvumilia. "Hiyo si kusuka," akasema, "hiyo ni kuiadhibu nguo. Lete hapa."

Akatoa mikono.

Mikono ilikuwa inatetemeka, ndiyo, lakini aliposhika vile vipande na kuvivuta vikakaza, ikatulia kidogo, maana kitambaa kikivutwa mkono unapata pa kujishikiza. Alisuka msuko mzima huku sisi tunamtazama. Alipomaliza hakuirudisha chini ya mtandio. Aliiacha juu ya meza, palepale mbele yetu, ikitetemeka bila kuogopa mtu, akaanza kumwelekeza Mwanasheria namna ya kuficha fundo.

Kuanzia hapo Mama akawa bosi. Mimi na yule mama wa meza nyeupe tukafutwa kazi. Alikuwa akinisubiri nirudi kliniki, mlango ukifunguka tu nasikia, "Umechelewa, nguo zinakungoja." Alitengeneza zulia la mlangoni, na la kitanda cha watoto, na akaanza kubwa la sebuleni lenye rangi zote. Shemeji yako alipoona sasa anapangusia miguu kwenye ubingwa wake wa ujanani alitaka kununa, Mama akamwambia, "Mkwe wangu, afadhali hapa unaikanyaga kila siku. Kabatini ulikuwa umeisahau." Akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu afunike cherehani.

Hapo ndipo ningetulia. Mtu mwenye akili angetulia.

Lakini nilikuwa nimeona video ya kutengeneza mishumaa. Unakusanya vipande vya mishumaa iliyokwisha, unayeyusha, unamimina kwenye chupa tupu za jemu ukiwa umeweka utambi. Tukatandika magazeti, tukayeyusha. Nikamwambia Mama amimine yeye. Akakataa. "Hiyo ya kumimina siiwezi, unajua siiwezi." Alisema hivyo, kwa maneno hayohayo. Nami nikamwambia, "Jaribu tu Mama, si mchezo?" Simu ilikuwa tayari mkononi mwangu inarekodi.

Akajaribu kwa ajili yangu. Nta ikaenda kila mahali isipokuwa kwenye chupa: magazetini, mezani, kwenye utambi wa chupa ya pili. Kadiri mkono ulivyokaribia chupa ndivyo ulivyozidi kuruka. Alipoona hivyo akasema, "Basi, na meza nayo imepata mshumaa wake," akacheka. Nikacheka. Watoto wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, kaka, kingeishia mle ndani kingekuwa kumbukumbu nzuri.

Nikairusha mtandaoni. Nikaandika juu yake, "Bibi yetu na mshumaa." Mwanasheria aliniona, akaniuliza, "Mama, si tumuulize bibi kwanza?" Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Bibi hajui hata mtandao ni mdudu gani." Nilisema kwa kicheko. Sentensi hiyo naisikia kila nikipiga mswaki.

Ikasambaa kama moto wa nyika. Mwanzo watu walikuwa wema, wakaandika Mungu ampe maisha marefu. Nami nikavimba kichwa. Pale mapokezi wagonjwa walikuwa wakinionyesha simu zao huku wameshika mashavu yao yaliyovimba: huyu si mama yako? Daktari wetu wa meno mwenyewe akatoka chumbani kwake kunipongeza. Nilijisikia mtu, kaka. Kazi yangu miaka yote ni kuwaambia watu wakae wasubiri, na sasa watu walikuwa wananitazama.

Kisha mtu mmoja, simjui na hanijui, akaikata ile video. Akatoa uso wa Mama, akaacha mikono tu na chupa na nta inayoruka. Akatoa na maneno yake na kicheko chake, akaweka ngoma, akapatanisha mapigo na mtetemo wa mikono ili ionekane mikono inacheza. Hiyo ndiyo iliyokwenda mbali. Watoto wa chini hapa, kwa fundi saa, wakawa wanacheza hivyo ngazini, mikono mbele, wanatetemesha vidole. Nilipita katikati yao na mkoba wangu nikajifanya natafuta funguo.

Sasa pumua, kaka.

Ile video uliyonitumia mwezi uliopita, ya mikono inayocheza ngoma na kumwaga nta, uliyoniandikia kwamba umecheka mpaka ukaegemea ukuta, na wenzako kazini nao hoi. Ile uliyomalizia kwa kusema, "Mwonyeshe na Mama, acheke kidogo." Ile mikono ni ya Mama.

Hukujua. Narudia, hukujua, na ungejuaje? Uso haukuwepo, sauti haikuwepo, na mikono yenyewe ulipoiacha ilikuwa imara kama koleo. Usijilaumu. Mwenye kosa ni mimi niliyejua. Nilipoipokea nilidhani umetambua na unanidhihaki, nikasoma tena, nikaona hapana, kaka anacheka kweli. Ule ndio ulikuwa wakati wa kukwambia. Badala yake nilikujibu kwa vile vikatuni vinavyocheka hadi machozi. Nilituma vitatu.

Siwezi kukueleza niliona haya kiasi gani baada ya kubonyeza, na siwezi kukueleza kwa nini haya hiyo haikunifanya niseme. Nadhani niliona nikikwambia, ubaya wote utarudi kwa aliyeirusha. Basi nikakuacha ucheke. Nilikufanya ukamcheka mama yako nami nikakuitikia.

Mama alijua mwenyewe, kwenye foleni ya mkate. Alikuwa ameanza tena kwenda mwenyewe, tangu mikono ilipotoka chini ya mtandio alikuwa amepata ujasiri hata wa kupokea chenji. Msichana mmoja akamtambua kutokana na ile video ya kwanza. Wala hakuwa mkorofi. Alifurahi, akamwita bibi wa mshumaa, akamwomba wapige picha. Halafu akanyoosha mikono yake mwenyewe, akaitetemesha, akasema, "Bibi, hebu tufanyie kidogo." Foleni yote ikageuka.

Alirudi na mkate. Akauweka mezani, akakaa kwenye kiti chake, akaingiza mikono chini ya mtandio. Nilirudi kazini nikamkuta hivyo. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Akaniambia, "Nionyeshe hicho walichokiona watu."

Nilimwonyesha ile yangu, ya kwanza. Ile yenye ngoma sikuthubutu. Aliitazama yote bila kupepesa. Mwishoni, unaposikika mimi nikicheka nyuma ya simu, akasema irudishwe nyuma kidogo. Nikairudisha. Akasikiliza tena. Akasema, "Hapo ulipocheka, nilidhani tunacheka wote."

Nilianza kueleza. Nilisema ni kweli tulikuwa tunacheka wote, na kwamba watu wengi wamempenda, na maneno mengine ambayo hata mimi niliyasikia hayana miguu. Akaniacha nimalize. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, kidole chenyewe kinarukaruka, akaniuliza ile namba chini ni ya nini. Nikamwambia ni ya watu walioitazama. "Watu kabisa?" akauliza. "Wenye macho?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia simu.

Hakunigombeza. Ungekuwepo ungemwomba Mungu anigombeze. Tulivyokua tulichapwa kwa kupoteza bobini ya cherehani, na leo hata kunisonya hakunisonya.

Niliifuta ile video usiku huohuo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Zile nakala ziko kwa watu wasiohesabika, Mwanasheria anazitafuta na kuzishitaki huko mtandaoni moja moja, ikifutwa moja zinazuka mbili. Zulia kubwa la sebuleni liko nusu, limekunjwa nyuma ya kochi. Mama akawa anakula baada yetu, peke yake, jikoni. Anasema chakula cha moto kinamchoma ulimi. Kwenda kununua mkate ameacha. Watoto hawanionyeshi tena kitu chochote kutoka mtandaoni, na mimi sithubutu kutoa simu nikiwa kwenye chumba alichopo. Nikiitoa tu namwona anavuta mtandio. Mama mzazi, ndani ya nyumba ya binti yake, anajifunika kwa kuniogopa mimi.

Niliomba msamaha, kaka, usidhani sikuomba. Nilipiga magoti kabisa, mtu mzima mimi, kwenye sakafu ya jikoni. Akasema, "Nimekusamehe, inuka, utalowa." Ni kweli amenisamehe, Mama hasemi asichomaanisha. Lakini kusamehewa na kuaminiwa ni nyumba mbili tofauti, na ile ya pili sijakaribishwa.

Juzi, Mwanasheria alilitoa lile zulia nyuma ya kochi. Hakumwomba mtu ruhusa. Akaketi chini karibu na kiti cha bibi yake, akaanza kusuka, akakosea kwa makusudi, nilimwona kabisa kwamba ni makusudi. Mama alivumilia, akavumilia, mwisho akasema, "Umepita juu, ulitakiwa kupita chini." Mtoto akasema haoni, aonyeshwe. Mkono mmoja ukatoka. Baadaye wa pili.

Mimi nilikuwa jikoni, nimesimama na mwiko kama sanamu, naogopa hata kugonga sufuria. Nikamsikia Mama anamwuliza, "Na mjomba wako, ameona?"

Mwanasheria hajui habari ya ujumbe wako, sikumwambia. Akajibu kwa moyo safi kabisa, "Hapana bibi, mjomba hajaona."

Mama akasema, "Basi ulimwengu mzima umeiona mikono yangu isipokuwa mtoto niliyemlea nayo. Si haki. Jumapili mpigieni. Kwa video. Nitamwonyesha mimi mwenyewe."

Ningetoka jikoni pale pale nikasema, Mama, ameona. Sikutoka. Kwa mara nyingine tena nilinyamaza, na safari hii sina hata cha kujitetea. Niliogopa kumvunjia kitu cha pekee anachoamini bado ni chake: kwamba kuna mtu mmoja aliyebaki ambaye atamwonyesha mikono kwa hiari yake. Huenda huo nao ni uoga tu niliouvika nguo nzuri.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ningekuacha bila kujua, Jumapili angeiweka mikono yake mezani nawe ungeitambua hapohapo, na Mama angelisoma hilo kwenye uso wako. Unamjua, hakuna uso wetu hata mmoja uliowahi kumficha kitu.

Tafadhali ifute ile video, na waambie wenzako waifute, ukiweza kuwaambia kwa nini utakuwa shujaa kuliko mimi. Jumapili atakapopiga ataanza na salamu zake ndefu, za majirani waliohama na waliozaa, usimkatize, anajipa moyo. Kisha atakuonyesha. Sikuombi uigize kushangaa. Itazame tu. Ulichokiona kwenye simu yako ulikuwa mchezo wa watu, mikono ya Mama hujaiona bado, na huo si uongo. Machozi yakija yaache yaje, ila usigeuze uso. Ukigeuza uso ataamini na wewe umeona haya, na atairudisha chini ya mtandio, na sidhani kama itatoka tena.

Kama siku moja utaona vema kumwambia kwamba na wewe ulicheka, mwambie. Ila umweleze pia kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Usinikinge. Najua utataka kunikinga kama ulivyokuwa ukinikinga utotoni, lakini safari hii niache nipate changu.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie zile mbegu za maua alizonipa zimeota, ingawa Kibonge amekula mbili. Wabusu wanangu wote, shangazi yao anawawaza. Shemeji yako anakusalimu na anasema ukihitaji rafu ya uhakika umpigie yeye, si mkewe. Mwanasheria anakusalimu kwa heshima zote, na Kibonge anauliza kama huko mna biskuti. Salamu za Mama sikuandikii, atakupa mwenyewe.

Mungu akulinde huko uliko, akuponye huo mgongo, na akupe Jumapili macho mazuri ya kumtazama mama yetu.

Nimebakiza hili tu. Kwa kuwa anataka mikono yote miwili ionekane, itabidi mtu mwingine amshikie simu. Nilijitolea haraka, kama kawaida yangu. Mama akasema hapana, atashika Mwanasheria. "Wewe," akaniambia, wala hakuwa na ukali, "wakati huo utakuwa umeenda dukani." Nikamwuliza ninunue nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Chochote." Kwa hiyo Jumapili usipouona uso wangu pale mezani, usiulize niko wapi.

Wako akupendaye, japo kwa aibu,
mdogo wako,
Kiherehere.